Baiskeli, Kusi na Bamvua

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilipoamua kununua baiskeli nilianza na kalamu na karatasi. Kwangu ni Tudor, Mombasa. Kutoka Tudor hadi Fort Jesus ni kilomita tatu hivi. Hadi daraja la Mtwapa, kama 17. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, nikajipigia hesabu, Mtwapa ni saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na dafu moja hapo katikati. Karatasi ile bado ninayo. Wanangu wameibandika kwenye friji.

Daktari ndiye aliyenisukuma. Nilikuwa na miaka 46, sukari imeanza kupanda, na kila nikiambiwa nitembee magoti yananiuma. "Basi endesha baiskeli," akasema, na jicho lake lilikuwa tayari kwa mgonjwa anayefuata. Utotoni nilijua kuendesha. Tulijifunza na binamu zangu kwenye Black Mamba ya mjomba, mguu mmoja umepenyezwa ndani ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa mbali kama dari. Nikadhani hilo latosha.

Niliinunua ya mtumba, nyekundu, yenye giya na matairi mapana, kwa shilingi 14,000. Kosa la kwanza nililifanya palepale dukani: nilinunua rangi. Sikumchukua fundi twende naye, sikuzungusha pedali kinyumenyume kusikiliza inalia vipi, na sikujaribu kupandisha kiti. Nilipofika nayo nyumbani kiti kikakataa kutoka kabisa. Nguzo yake ilikuwa imeshikana na fremu kwa kutu. Nikaendesha hivyo hivyo wiki mbili, magoti yakikaribia kidevu, na magoti yaleyale niliyokuwa nikiyahurumia yakazidi kuuma.

Nilimpelekea fundi mmoja Majengo, mzee ambaye mtaa mzima humwita Ami. Akaigonga fremu kwa spana mara mbili tatu, ameinamisha sikio kama mtu anunuaye tikiti maji. "Mwalimu, hii ilikula chumvi kabla ya wewe kuipanda." Mnyororo mpya, frewili, nyaya za breki, tyubu mbili, na kazi ya kuichomoa ile nguzo kwa mafuta ya taa na nyundo: shilingi 4,300. Ningemlipa Ami mia tatu ya soda twende naye dukani, zile elfu nne ningezinusuru. Kama unanunua Mombasa, chukua fundi wako. Baiskeli za mtumba zinaweza kung'aa nje na huku ndani zimeoza, na hewa ya huku huimalizia kazi kutu iliyoanza.

Mazoezi niliyaanzia kisiwani, na kwa anayeanza sina pengine pa kumpeleka. Toka baada ya sala ya alfajiri, magari yakiwa bado machache. Mimi hushuka kwa Tononoka na Makadara, naingia Mji wa Kale, nafuata Ndia Kuu. Saa kumi na mbili na robo Ndia Kuu ni ya paka, wauza kahawa na watoto wa madrasa. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo hakuna lori litakalokufuata, lakini pikipiki hutokea pembeni bila kupiga honi na mapipa ya maji hukaa popote. Pita polepole na kengele mkononi. Unaupita msikiti wa Mandhry, ambao unatajwa kujengwa mwaka 1570, na mnara wake mnene kama koni iliyokatwa ncha, kisha ghafla kichochoro kinafunguka na Fort Jesus iko mbele yako. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na jua la asubuhi likiipiga ukuta wa upande wa bahari unageuka rangi ya mkate wa mofa. Kila Jumamosi nasimama hapo. Najidai napumzika.

Kutoka hapo hadi Mama Ngina ni lami nzuri. Tangu pale mahali palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019 pana nafasi ya kutosha, mibuyu mikubwa, na upande wa kushoto mlango wa bahari ambao meli zote za Kilindini hupitia. Meli ya makontena ikiingia utaapa inapita barabarani. Hapa Mama Ngina ndipo dera langu liliponitia aibu.

Nilikuwa nimevaa suruali ndani na dera juu, nikaona nimejisitiri na nimejipanga. Karibu na wauza mihogo upepo ukalipeperusha pindo, mnyororo ukalidaka. Sikuanguka. Nilisimama wima nimeshikwa kama samaki katika mshipi, siwezi kushuka, siwezi kusonga, na kila nikikanyaga pedali dera linazidi kumezwa. Kijana wa bodaboda akapita akipiga kelele, "Mama, Tour de France!" Muuza mihogo, mama mtu mzima, ndiye aliyeacha karai lake akaja. Akainamia mnyororo, akaizungusha pedali kinyume kwa mkono mmoja huku akilivuta pindo kwa mkono mwingine, taratibu, jino baada ya jino, mpaka likatoka, limejaa grisi nyeusi na matundu manane. Niliyahesabu baadaye. "Siku nyingine lifunge kiunoni, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Sasa navaa kanzu fupi ya kufika magotini na suruali pana, mguu wa kulia nimeufunga kwa kamba ya lastiki. Kwa kina mama wenzangu wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama watu hawasemi: watasema. Wiki ya tatu watakuwa wamepata la mwingine.

Mzunguko huo, kwa Kizingo na Likoni kisha kurudi mjini, hauzidi kilomita 15. Niliufanya miezi miwili, nikapata kiburi, nikaitoa ile karatasi.

Ilikuwa Julai. Nilitoka saa tatu asubuhi, jambo ambalo lenyewe ni kosa, lakini kuna nguo za kufua na kuna watoto wa kulisha. Daraja la Nyali nililivuka kwa kusukuma baiskeli kwenye njia ya waendao kwa miguu, na nashauri usione haya kufanya hivyo. Matatu za pale hazina subira na mtu wa pedali. Ukishavuka, usijitupe moja kwa moja kwenye barabara ya Malindi pale Kongowea. Ingia Nyali kwa ndani, ufuate barabara ya Links iliyo na miti na vivuli, utokee Bamburi. Unazunguka kidogo lakini unafika ukiwa mzima.

Na mimi siku hiyo nilikuwa ninapaa. Bamburi, Shanzu, Mtwapa, pedali nyepesi kama za mashine ya kushonea. Nilivuka daraja la Mtwapa nikitazama mashua chini kwenye mkono wa bahari, na sikuwa hata nimehema. Nikaitazama saa: nilikuwa mbele ya karatasi kwa dakika 20. Kwa kuwa nguvu zimebaki nikaamua kuongeza hadi Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliobaki magofu kando ya bahari, kilomita chache kupita mji wa Mtwapa. Pale pana kivuli cha mibuyu, na msikiti ambao bahari iko hatua chache tu kutoka ukutani. Nilikaa chini nikala mahamri yangu. Kuna kaburi lenye maandishi ya Kiarabu, kila nafsi itaonja mauti. Nikalisoma, nikasema aamin, nikajinyoosha.

Saa nane nikageuza.

Sijui nieleze vipi. Nilipoigeukia barabara kuu ilikuwa kama mtu ameniwekea kiganja kifuani. Nikadhani breki imeshika, nikashuka kukagua gurudumu. Gurudumu zima. Nikapanda tena, nikashusha giya hadi ya mwisho, nikainama juu ya usukani, na bado wazee wenye Black Mamba zilizobeba mitungi ya tembo walikuwa wananipita wakinisalimia. Kwenye daraja la Mtwapa nilisukuma. Shanzu nilisukuma. Maji yalikuwa yameisha na midomo ina ladha ya chumvi. Kilomita saba zilinichukua karibu saa mbili. Hapo ndipo nilipoinua macho nikaitazama minazi: makuti yote yamelala upande mmoja, kuelekea nilikotoka, kama nywele zilizochanwa.

Kusi, upepo wa kusini. Nimezaliwa Mombasa, nimekulia Mombasa, kila mwaka tangu utoto nasikia kusi imeingia, samaki wamepanda bei, wavuvi wa ngalawa hawatoki. Lakini kwangu kusi ilikuwa habari ya sokoni. Sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu mtu aliye barabarani. Asubuhi nzima ilikuwa mgongoni mwangu ikinisukuma, nami nikidhani ni miguu yangu.

Nilisalimu amri Bamburi Mtambo. Matatu mbili zilikataa baiskeli, tuktuk ikakubali kwa shilingi 800. Tukaifunga nyuma kwa kamba, gurudumu la mbele limetokeza nje, na njia nzima hadi Tudor nililitazama likizunguka lenyewe kwa upepo. Siku mbili sikuweza kuandika ubaoni bila kushika meza.

Ami alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi. "Weye wahesabu maili," akasema. "Na upepo wauhesabu nani? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lazima urudi, mwalimu. Basi anza na palipo pazito."

Tangu siku hiyo karatasi yangu ina safu mpya. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na huwa kali zaidi katikati ya mwaka. Kaskazi hutoka upande wa pili, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Wakati wa kusi naanza kwa kuukabili upepo: navuka feri ya Likoni, nashika upande wa Shelly Beach, na nikiwa na nguvu nafika Ng'ombeni au Waa, kisha nageuza na kurudishwa nyumbani kama jahazi. (Kwenye feri shuka, usukume, ukae na waendao kwa miguu, na barabara ile ya Lungalunga ina malori, kwa hiyo ni ya alfajiri tu.) Wakati wa kaskazi ndipo ninapokwenda Mtwapa. Na wakati wowote wa mwaka, asubuhi mapema upepo huwa bado umelala kidogo. Kabla ya kupanda natazama makuti. Programu ya hali ya hewa ipo kwenye simu, lakini makuti hayahitaji bando.

Baada ya hapo sikuthubutu kwenda mbali kwa wiki kadhaa, na hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka mahali ninapopapenda kuliko pote. Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, pana msitu. Kiwanda kilianza kuchimba matumbawe hapo miaka ya 1950 kikaacha jangwa jeupe lenye mawe na maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu, zilizoweza kuishi ni tatu, na mvinje ndio uliokuwa shujaa. Tatizo, majani ya mvinje yakianguka hayaozi upesi. Dawa ilikuwa majongoo. Wakaletwa majongoo, wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo. Huwa nawaeleza wanafunzi wangu habari hii kila wanapokanyaga jongoo uwanjani kwa makusudi.

Njia za humo zilichorwa za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, na hakuna gari. Upepo wa kusi ukivuma huko juu, chini hauufikii mwili. Unausikia tu ukipita kwenye mivinje, na mvinje una sauti ya bahari. Tairi hupita juu ya majani makavu kama zulia. Nilikutana na familia nzima, baba, mama na watoto watatu, mmoja akijifunza bila magurudumu ya kusaidia. Kuna ada ya kuingia, kwa hiyo beba pesa kidogo na uulize langoni kabla ya kujipanga na kundi. Kwa mtu mwenye moyo mzito wa barabara, aanzie hapo kabla hata ya Mji wa Kale. Mimi nilianza kinyume.

Kutoka hapo si mbali kwenda Nguuni, kupitia Kiembeni, kwenye twiga na mbuni, na jioni jua huzama vizuri. Lakini njia ya ndani ina mbigiri. Nilipata pancha mbili safari moja, na nilikuwa na kiraka kimoja. Beba tyubu nzima, si viraka tu, na pampu ndogo.

Nilidhani nimehitimu. Ikaja Idd.

Siku ya Idd tatu upepo ulikuwa umetulia kabisa, nikachukua baiskeli hadi ufuo wa umma wa Kenyatta. Pale palikuwa na Mombasa yote: watoto ndani ya tyubu, ngamia, mishkaki. Nikaona upande wa kaskazini mchanga ni mtupu, mpana, mgumu, unang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Matairi yangu mapana yaliniambia twende. Ilikuwa yapata saa saba mchana.

Mchanga wenye unyevu hubeba baiskeli vizuri ajabu ukipunguza upepo kidogo kwenye matairi. Kushoto kwangu kuta za hoteli, kulia kwangu bahari imekwenda mbali, kaa wanakimbia mbele ya gurudumu. Nilikwenda, nikapiga picha, nikakaa juu ya gogo, nikampigia dada yangu simu ya Idd ndefu. Nilipogeuza, ile sakafu ilikuwa imekuwa kichochoro. Nikaongeza mwendo. Kichochoro kikawa utepe, kisha wimbi likagusa ukuta wa hoteli likarudi likiwa na povu, na mbele yangu hapakuwa na mchanga tena. Nyuma vilevile. Mchanga mkavu uliobaki miguuni mwa ukuta ulimeza gurudumu hadi nusu.

Nikaibeba baiskeli begani. Kilo 15 kavu, na sijui ngapi ikiwa imelowa. Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni, na kila wimbi lilikuwa likinisukuma kwenye mawe. Nilikuta ngazi za hoteli moja; askari wake akaniambia hapo ni wageni tu. Sitasema nilimjibu nini siku ya Idd. Aliyenitoa ni mvuvi aliyekuwa ameketi juu ya ukuta na nyavu zake. Alinielekeza mbele kidogo kwenye kijia cha umma kati ya hoteli mbili, akashuka akashika gurudumu la nyuma. Tulipofika juu akanitazama, mimi na kanzu yangu ya sikukuu.

"Bamvua hili, mama. Mwezi umeandama juzi. Kwani hukuuona?"

Kuuona? Tulipanda darini nyumba nzima kuutafuta. Mwezi ule ule uliotupa Idd ndio ulioyavuta maji, na mimi nikausherehekea bila kuuliza una kazi gani nyingine.

Simu ilikufa, shilingi 11,500. Sasa hesabu ya maji iko kwenye friji pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hupwa mbali na hujaa sana. Kwa Mombasa, siku hizo hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ingia ufuoni maji yakiwa bado yanapwa, na yakianza tu kugeuka nawe geuka. Kabla ya kuingia jua vijia vya umma viko wapi. Wala usipite fukwe tupu peke yako jioni. Hilo si la bahari, ni la binadamu, na wenyeji wananielewa.

Nilipofika nyumbani niliiosha baiskeli ndoo nne nzima kwa maji ya kisima chetu, nikaipangusa, nikalala na dhamiri safi. Wiki moja baadaye mnyororo ulikuwa rangi ya machungwa na pedali inasaga kama jiwe. Ami akauliza niliiosha kwa maji gani. Nikamwambia. Akacheka hadi akaweka spana chini, maana kila mtu Tudor anajua maji ya visima vyetu yana chumvi. Hatuyapikii hata chai. Nilikuwa nimeitoa chumvi kwa chumvi. Biringi za pedali na mnyororo, 2,600 nyingine. Siku hizi nikitoka ufuoni nanunua mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu kwa mtu wa mkokoteni, naimwagia jioni ile ile, naikausha kwa kitambaa, kisha natia oili kwenye mnyororo tone tone.

Sukari imeshuka, ingawa daktari anasema niache mahamri. Mwanangu wa kidato cha tatu ameanza kuiazima baiskeli bila kuuliza, na kiti nakikuta juu kila Jumatatu. Wiki hii kaskazi imeanza kushika na mwezi unaandama Alhamisi. Jumamosi nakwenda Jumba la Mtwana tena, natoka saa kumi na mbili, nikiupokea upepo usoni njia nzima. Mahamri nimeagiza sita.